Imesambazwa Mara Nyingi

Mimi nachaji simu, mia tatu kwa moja,
hapa Kitangari, mkabala na ghala la chama.
Ziko thelathini na mbili kwenye rafu ya mbao,
kila moja na karatasi ya jina imefungwa kwa raba:
Mchopa, Somoe, Mwalimu Liloko, Bi Asumini.
Kwa kawaida hulia moja moja,
kama kuku wanaodonoa.

Siku ile zililia zote pamoja.
Rafu ikatetemeka. Chaja moja ikaanguka.

Ilikuwa picha. Magunia hadi darini,
mtu amegeuka, shingo tu inaonekana,
na mshale mwekundu umechorwa kumwelekea.
KOROSHO ZENU HIZI HAPA. MTUNZA GHALA AMEKULA NA WAKUBWA.
SAMBAZA KABLA HAWAJAIFUTA.
Na juu yake, kwa herufi za kijivu zisizosomwa na mtu:
imesambazwa mara nyingi.

Shingo ile ingeweza kuwa ya yeyote.
Lakini malipo ya pili yalikuwa hayajaingia,
wiki ya tano hiyo, na salfa tulikopa.
Mwenye deni akiona shingo, huijua.

Mchopa alikuwa na kundi lake, Bei Kwanza.
Somoe na lake, Ukweli wa Mkulima.
Hao walikula sinia moja jandoni kwa mtoto wa Liloko.
Mwezi ule kila mmoja alinipa simu akinong'ona:
usiiweke karibu na ya yule.
Nikazitenga, moja huku, moja kule,
waya ule ule ukizinywesha zote mbili.

Simu ni kama muuza uraka aliyekuzoea.
Hakuulizi kama umetosheka.
Ukimaliza hasira moja anakujazia nyingine,
ile ile uliyoipenda jana, kali kidogo zaidi,
na wewe unadhani kiu ni yako.

Aliyeandika "tungoje mnada" alipata madole gumba mawili.
Aliyeandika "tumfuate kwake" alipata mia na sita.
La mia na saba lilikuwa langu.
Nilikuwa namenya muhogo, vidole vina utomvu,
nikabonyeza kwa kifundo.

Saa mbili usiku wakaenda.
Niliwatambua kwa simu zao:
kioo chenye ufa, kava la waridi, ile ya tochi kubwa.
Kila mmoja alikuwa anampiga picha aliye mbele yake.
Nimezitazama picha zote, baadaye, mara nyingi.
Ni migongo mitupu. Wa mbele hayumo.

Nahonyo, mtunza ghala, hakuwepo.
Alikuwa Ndanda hospitali, anamuuguza mama yake.
Walivunja mlango, wakamwaga ndoo sita za maji
ambazo mkewe alizinunua kutoka bondeni,
kisha wakarudi ghalani wakavunja mzani,
mzani uliopima korosho zao wenyewe.

Kesho yake Mwalimu Liloko akaandika:
picha ile si ya hapa. Tazameni magunia, ni ya kahawa.
Lini mmeona kahawa Kitangari?
Wawili walimwitikia. Mmoja ni mkewe.

Malipo yaliingia Jumanne.
Kundi likajaa alhamdulillahi na maua.
Jina la Nahonyo halikuandikwa.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka
kwamba naye yumo kundini.

Jana alileta simu yake, imezimika wiki tatu.
Alijifungia karatasi ya jina mwenyewe, hakuniamkia.
Nilipoichomeka ikawaka, ikaanza kupokea
yote yaliyomngoja, moja baada ya jingine,
tusi, mshale, gumba, gumba, gumba,
na kati yake, saa moja na dakika hamsini na mbili jioni,
jina langu.

Niliigeuza kifudifudi. Ikaendelea kutetemeka kwenye mbao.

Jioni alipoijia nilisema, leo acha, sitaki hela.
Hakujibu. Aliweka sarafu mbili mezani, ya mia mbili na ya mia,
akaenda.
Bado ziko pale.
Sijui ni malipo ya kazi ipi.